Kidole Kitupu

Jumatatu, 3 Machi

Kucha fupi. Ngozi safi, hakuna mkwaruzo. Kidole cha pete kitupu.

Hayo ndiyo ninayotakiwa kuandika kila jioni kwenye daftari la mikono, na kwa miaka kumi na saba nimeyaandika, nikafunga, nikalala. Mwaka huu nitaongeza na yangu. Nyumba haina mtu wa kumwambia, na nikizungumza peke yangu jirani atasema nimeanza.

Basi kwa faida ya atakayeliokota daftari hili: sisi tunatengeneza kipindi cha hesabu cha televisheni, cha watoto wa miaka minne hadi saba. Kuna bata wa kitambaa mwenye miwani, anauliza vitu ni vingapi. Halafu inatokea mikono miwili juu ya meza nyeupe, inahesabu maharagwe, vifungo, vijiko, chochote. Mikono hiyo ni yangu. Mimi ndiye mtayarishaji, na jina langu huandikwa mwishoni kwa herufi za kutosha, lakini mikono haina jina popote, na wanaojua ni ya nani hawazidi kumi. Msimu wa kwanza tulimwajiri msichana awe mikono, akaingia mitini siku ileile ya kwanza, nami nikaketi pale ili siku isipotee. Siku ile haijaisha mpaka leo.

Msimu una sehemu kumi na tatu na hazirekodiwi kwa mpangilio. Leo ya tisa, kesho ya pili. Kwa hiyo mikono ya leo lazima ifanane na ya kesho na ya mwezi ujao. Sipaki kucha rangi. Sioshi vyombo bila glavu. Sivai pete.

Bosi mpya amefungua msimu kwa hotuba. Ana miaka thelathini na miwili na ananiita "mama". Sikumzaa.

Jumatano, 5 Machi

Kucha fupi. Ngozi safi. Mvua ya kwanza.

Studio yetu imeezekwa bati. Ikinyesha, hata bata hasikiki, na bata yule ana mdomo. Siku za mvua basi tunarekodi mikono tu, kwa kuwa mikono haina sauti. Mpiga picha akisikia tone la kwanza anapaza sauti, "Mikono!" nami navua glavu.

Ijumaa, 7 Machi

Kucha fupi. Mvua tena.

Nimwandike na Fundi, maana leo amenichekesha. Yeye ndiye seremala wetu, huu ni msimu wake wa sita. Meza ya mikono aliichonga mwenyewe, na katikati ina tundu la upana wa kikombe. Kamera inaning'inia juu, mimi nakaa kwenye meza, yeye anakaa chini yake juu ya kigoda na kunisukumia vitu kiganjani kupitia tunduni. Mtoto nyumbani anaona mkono umefunguka na haragwe limo. Kumbe kuna mtu mzima wa miaka hamsini na minane amejikunja chini huko magoti yakimgonga kidevu.

Leo mpiga picha alimuuliza kama hachoki kukaa chini ya mwanamke. Fundi akajibu kutoka mvunguni, "Wenzako wote wamekaa huko, ila hawana tundu la kupumulia." Tulicheka mpaka kamera ikatikisika.

Ni mgane. Hana maneno mengi akiwa juu ya meza. Mimi namjua zaidi kwa vidole: vigumu, vina joto, ukucha wa kidole gumba umepasuka. Kwa miaka sita ndivyo vidole pekee vinavyogusa vyangu kila siku. Nimeandika hivyo na nimeshangaa kuona ni kweli.

Jumapili, 9 Machi

Ngozi safi. Binti yangu alipiga simu kama kila Jumapili. "Mama, umekula?" Nimekula. "Umekula nini?" Hapo nikabadilisha mazungumzo.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Mikono. Kucha fupi.

Alhamisi, 20 Machi

Kucha fupi. Mengine yako chini.

Mvua tangu asubuhi. Tulikuwa sehemu ya nne, maharagwe yanatokea moja moja mpaka saba. Kamera inarekodi. Likaja la kwanza, nikaliweka. La pili. La tatu. Nikafungua kiganja kupokea la nne, kikaja kitu cha baridi. Vidole vyangu vimehesabu kila chenye umbo duniani, vikajua kabla sijatazama. Pete. Nyembamba, haina jiwe.

Na mimi nilifanya nini? Niliirudisha tunduni. Niliisukuma kwa kidole gumba, nikaacha kiganja wazi, nikasubiri haragwe. Halafu haragwe likaja. La nne. Tukaenda mpaka saba, mpiga picha akasema safi sana, hapo katikati patakatwa.

Mungu wangu! Mtu ananikabidhi maisha yake tunduni, mimi nafikiria kwamba mezani kuna maharagwe matatu na la nne halijafika.

Wakati wa mapumziko nikamfuata karakana.

"Fundi, ndiyo nini vile?"

"Ndivyo ulivyoona."

"Mbele ya kamera?"

"Kila siku uko mbele ya kamera, Bi Mkubwa. Ningekupata wapi?"

Nikamweleza. Pete huacha alama, na kamera ya karibu haifichwi kitu. Mume wangu wa kwanza nilikuwa naivua pete yake kila nikiingia studio, mpaka msimu wa tano nikaona usumbufu, nikaiacha kwenye sahani ya sabuni miezi mitatu. Asubuhi moja akaniuliza, "Mimi nimeoa mtu au nimeoa kidole?" Hakuondoka kwa sababu ya pete, aliondoka kwa mengi, lakini pete ndiyo aliyoitaja. Safari hii sitaki kuvaa na kuvua. Nitavaa mara moja, moja kwa moja, tukishamaliza sehemu ya kumi na tatu. Wiki tano tu.

"Sijasema uivae kazini," akasema. "Nasema uniambie kama utaivaa."

"Tukimaliza."

Alinitazama kidogo. "Haya. Subira huvuta heri." Akaitia pete kwenye kopo la misumari midogo, akaendelea kupiga randa.

Nimerudi nyumbani nina furaha ya mwendawazimu. Kiti cha pili mezani huwa na magazeti. Nimeyaondoa.

Jumapili, 23 Machi

Ngozi safi. Nimemwambia binti yangu.

"Umemjibuje?"

"Tumalize msimu kwanza."

"Mama! Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na haraka haraka haina baraka."

"Hiyo ulikuwa unaniambia nikiwa na miaka sita natafuta kiatu. Na mwenye haraka alikuwa wewe."

Mtoto huyu ulimi kautoa wapi sijui. Baba yake alikuwa mpole.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua. Mikono. Bata hajasema neno wiki nzima.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Kucha fupi. Mkwaruzo mdogo, kidole cha shahada, utapona.

Bosi ameita kikao. Mikono tumeshamaliza karibu yote, lakini bata yuko nyuma sehemu nane kwa sababu ya mvua. Msimu umesogezwa mpaka katikati ya Mei. Na Mei hiyo lazima turudie mikono ya sehemu tatu za mwisho, kwa sababu mtaala umebadilika.

Nilipotoka Fundi alikuwa ananisubiri mlangoni, kofia mkononi.

"Ulisema wiki tano."

"Sasa mvua nimeileta mimi?"

"Sijakulaumu. Nakuarifu. Mwanangu amejenga karakana huko kwao, ananiita nikamsimamie. Jukwaa nikishaling'oa, nakwenda, na msimu ujao sitakuwepo. Ni mwendo wa saa tatu kwa basi. Sikwambii uache kazi. Nataka kujua nakwenda kama mtu mwenye mwenzake au nakwenda hivi hivi."

"Fundi, tumalize kwanza."

Akavaa kofia yake akaondoka. Mimi nikadhani tumeelewana. Kwangu mimi nilikuwa nimeshasema ndiyo tangu siku ile ya pete, nilichosogeza ni tarehe. Sasa ninapoandika ndipo ninajiuliza kama yeye anajua hivyo.

Jumapili, 13 Aprili

Binti amenipigia. Sijui tulifikaje huko, akasema alipokuwa mdogo alikuwa akifika tu kutoka shule anawasha televisheni aione mikono. "Nilijua ni yako. Niliipenda kuliko ya nyumbani."

"Kwa nini?"

"Ile ya kwenye televisheni ilikuwa inanisubiri nihesabu."

Alisema kwa kucheka, hakuwa na kinyongo. Angekuwa na kinyongo ningejua la kujibu.

Jumatatu, 21 Aprili

Kucha fupi. Ngozi safi. Roho chafu.

Tumegombana. Ilianza kwa kitu cha kipuuzi: nilimwambia ule mguu wa kulia wa meza unacheza. Akasema meza haichezi, anayecheza ni mimi. Nikamuuliza ana maana gani.

"Pete si koti la mvua, Bi Mkubwa, kwamba linaning'inia mlangoni mpaka jua litoke."

"Watoto wameizoea mikono hii miaka kumi na saba! Unataka niwabadilishie katikati?"

"Mimi nimetaka neno. Moja. Hata haragwe huhesabiwa likija."

"Mwanamume mzima," nikamwambia, "unashindana na maharagwe!"

Mpiga picha alikuwepo. Yule msichana mhariri, ambaye sote tunamwita Sindano kwa wembamba wake, naye alikuwepo. Fundi akainama akaingia chini ya meza, tukarekodi.

Sikupaswa kusema vile mbele ya watu. Hata faraghani sikupaswa. Lakini mimi ulimi ukishatoka haurudi, na maji yakimwagika hayazoleki.

Jumanne, 22 Aprili

Zamani alikuwa akinisukumia kitu mpaka kiganjani. Leo alikiacha pembeni mwa tundu nikichukue mwenyewe. Kwenye picha hakuna tofauti yoyote.

Jumatano, 23 Aprili

Pembeni mwa tundu.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Pembeni mwa tundu. Nilijipanga kumwomba radhi saa ya chai. Chai ilipofika nikamuuliza kama ana gundi.

Jumatatu, 5 Mei

Leo sijui niandike nini kwenye mstari wa kwanza. Naandika kwa mkono wa kushoto, mnisamehe.

Kwa sehemu ya kumi na moja zilihitajika namba za kadibodi, kubwa, tisa na sita. Kazi ya Fundi. Lakini kumwomba Fundi ni kuzungumza naye, na kuzungumza naye ni kuomba radhi kwanza. Nikachukua kisu chake cha kukatia, nikaanza mwenyewe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu mwenyewe nilikuwa mimi. Kwenye mviringo wa tisa kisu kikaruka. Kimenipasua kuanzia chini ya kidole cha shahada mpaka karibu na kifundo, mkono wa kulia.

Sikupiga kelele, lakini Fundi alifika kabla ya wote. Alivua shati, akaufunga mkono, akanipakia kwenye gari la studio. Zahanati walinishona nyuzi tisa. Alikaa kando yangu kwenye benchi amevaa fulana yake ya ndani yenye tundu begani, ameushika mkono wangu juu kama alivyoambiwa, damu isishuke. Dakika arobaini aliushika. Ndiyo mara ya kwanza tunashikana mikono hakuna meza katikati.

Mahali pale hata bubu angesema. Mimi nikasema, "Fundi, sehemu ya kumi na moja tutaifanyaje?"

Akasema, bila hasira, "Nyuzi tisa, na unazungumzia ya kumi na moja."

Alinifikisha mpaka mlangoni kwangu. Hakuingia, nami sikumkaribisha, kwa kuwa nilikuwa natafuta ufunguo kwa mkono mbaya na nikaona aibu.

Alhamisi, 8 Mei

Bosi ameamua. Haahirishi. Mikono ya sehemu ya kumi na moja, kumi na mbili na kumi na tatu itakuwa ya Sindano.

"Ana miaka ishirini na minne!" nikamwambia. "Mikono yangu ina mishipa, ina mikunjo. Watoto si vipofu."

"Mama, ni mikono tu."

"Usiniite mama! Nipe wiki tatu, nitapona."

"Hatuna wiki tatu."

Sindano maskini alinifuata chooni. "Shikamoo. Sikuomba mimi, jamani." Marahaba, nikamwambia, najua hukuomba. Nikamfundisha jinsi ya kufungua kiganja: taratibu, kidole kidogo kitangulie. Ana mikono mizuri. Inang'aa kama imetoka dukani.

Nilisimama nyuma ya kamera. Fundi alikuwa chini. Haragwe la kwanza lilimfika Sindano kiganjani, katikati kabisa.

Jumatano, 14 Mei

Nyuzi zimetolewa. Kovu. Wamemaliza ya kumi na tatu bila mimi.

Jumapili, 18 Mei

Binti: "Umemwambia sasa?" Nimemwambia nasubiri darasa. Akauliza darasa gani. Darasa litakalosema kama nilikuwa na haki. Alivuta pumzi, akaniuliza nimekula nini.

Jumanne, 20 Mei

Tuna desturi ya kuzipeleka sehemu mpya shuleni kabla hazijarushwa. Wengine wote hutazama televisheni. Mimi nakaa kisogo kwayo, nawatazama watoto, na kila baada ya sekunde kumi naandika wangapi wanatazama na wangapi wamegeuka. Nimefanya hivyo tangu mwanzo. Nyuso zao hazijawahi kunidanganya.

Leo watoto thelathini na mmoja, wamekaa sakafuni. Kwanza nikawawekea sehemu ya tatu, mikono yangu. Walihesabu kwa sauti mpaka kumi na mbili. Kisha nikawawekea ya kumi na moja. Nilikuwa na kalamu mkono wa kushoto. Nilimngoja wa kwanza akunje uso. Nilijua hata atakuwa yupi, yule mdogo wa mbele, mchunguzi, aliyekuwa ananitazama kovu.

Mikono ya Sindano ikafunguka. Watoto wakaanza: moja, mbili, tatu. Hakuna aliyekunja uso. Hakuna aliyegeuka. Thelathini na mmoja, thelathini na mmoja, thelathini na mmoja, nimeandika hivyo mpaka mwisho. Sijapata kuandika ukurasa kama ule.

Ilipokwisha nikasimama. "Kuna kitu kilichobadilika kati ya ile ya kwanza na hii?"

Mikono ikapaa.

"Maharagwe!" akasema msichana mmoja mapengo matupu. "Yale yalikuwa meupe, haya mekundu!"

Kweli kabisa. Meupe yalikwisha, wakachukua mekundu ghalani, na mimi mwenye daftari sikuona kwa kuwa nilikuwa nagombea mikono.

"Na bata miwani yake imekaa upande!"

"Na ile meza ilikuwa na alama ya kikombe!"

Macho yao makali hivyo. Basi nikawauliza waziwazi. "Na mikono je?"

Wakatazamana. Yule mdogo wa mbele, mchunguzi, aliona nimekwama, akataka kunisaidia.

"Mikono gani?" akaniuliza.

Mwalimu wao akanipa maji. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka nimekaa garini na daftari magotini, nikikumbuka sufuria zote nilizoshika kwa glavu, na mtoto wangu nikimwambia usinishike mikono nimepaka mafuta, na mwanamume amesimama bafuni ameshika sahani ya sabuni. Yamenikata maini.

Nikamwambia dereva anipeleke studio.

Jukwaa lilikuwa limeshang'olewa nusu. Fundi alikuwa peke yake, anachomoa misumari na kuinyoosha, moja moja. Meza ya mikono ilikuwa imelazwa ubavu. Nilimwambia yote hapo hapo, nimesimama, sijaweka hata mkoba chini. Maharagwe, miwani, "mikono gani". Nikamwambia amekuwa na haki tangu mwanzo. Nikamwambia niko tayari. Nikamnyooshea mkono wa kushoto, vidole vimetanuka kama mtoto anayekaguliwa kucha.

"Nivishe sasa," nikasema. "Ndiyo. Jibu langu ni ndiyo."

Aliweka nyundo chini. Alinitazama muda mrefu, na usoni hakuwa na ushindi wowote.

"Wewe mwanamke nimekupenda sana," akasema. "Nataka nikuulize jambo moja, na usiniongopee. Watoto hawakuona, ndiyo maana umekuja. Je, kama wangeona? Darasa zima lingesimama likauliza ile mikono mingine iko wapi. Leo ungekuwa hapa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno dogo, nilikuwa nimelisema dakika hiyohiyo. Lakini alisema nisimwongopee, na mtu huyu hajawahi kunipa haragwe bovu.

"Sijui," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. Akaushika ule mkono wangu niliounyoosha, akaukunja vidole, akanirudishia. "Basi ukijua," akasema, "utaniambia."

Ijumaa, 23 Mei

Fundi ameondoka kwa basi la asubuhi. Waliomsindikiza ni mpiga picha na Sindano. Mimi nilikuwa kwenye kikao.

Jumatatu, 26 Mei

Hakuna kazi. Hakuna mvua. Nimeosha vyombo bila glavu, vyote, hata visafi.

Alhamisi, 29 Mei

Nimekaa na hilo swali tangu siku ile. Asubuhi nasema ningekwenda tu, hata kama wangelia wote. Mchana nasema nisingekwenda. Jioni nina upweke kiasi kwamba siwezi kujiamini kwa lolote ninalosema. Nyumba imekuwa kubwa. Nimemkumbuka hadi kikohozi chake cha chini ya meza.

Jumapili, 1 Juni

Binti yangu anasema nimpigie. "Mwambie umejua. Mwambie lolote, mama, mtu anangoja." Nimemwambia nikimpigia kwa upweke nitakuwa namdanganya. Akasema kwa sauti ya mtu mzima, "Wengine wangedanganyika kwa furaha."

Jumatatu, 9 Juni

Bosi amepiga simu saa tisa mchana.

Alianza kwa habari za afya, kovu, hali ya hewa. Nikajua ana shida. Wamepata nafasi ya kurusha vipindi sita vya likizo, vifupi, haraka, wanaanza kesho. Tatizo ni mikono. Sindano amechumbiwa wiki iliyopita.

"Amevishwa pete," akasema Bosi, "na hataki kuivua. Nimembembeleza, nimemwambia ni saa mbili tu kwa siku. Kaniambia tutafute mikono mingine. Hivyo tu, mama, bila hata kufikiri! Sasa nilikuwa nauliza, kovu tunaweza kulifunika kwa poda, kama ungekuwa na nafa..."

"Ndiyo," nikasema.

Hakuwa amemaliza neno. "Nafasi" ilikuwa bado mdomoni mwake. Sikuuliza ni vingapi kwa siku, sikuuliza nani atakuwa chini ya meza. Ndiyo ilinitoka yenyewe, na ilinitoka na furaha, furaha tele, nilikuwa nimeshasimama katikati ya chumba natazama kucha zangu kama zimerefuka.

Nikaweka simu chini nikaketi. Miezi mitatu mwanamume mwema aliniomba neno moja, likanishinda. Huyu niliyemkataza kuniita mama kalipata bila kumaliza sentensi.

Nililia. Sikulia sana, lakini nililia. Kisha nikampigia Fundi, kwa sababu aliniambia nikijua nimwambie, na nilikuwa nimejua.

Aliitika upesi. Nyuma yake kulikuwa na msumeno, kisha msumeno ukanyamaza.

"Uliniuliza swali," nikasema.

"Niliuliza."

"Wangeona, nisingekuja."

Nilimsikia anavuta kitu, kigoda labda, anakaa.

"Nilikuwa najua," akasema. "Lakini nashukuru umelisema wewe mwenyewe. Nilikuwa sijalala vizuri."

"Nisamehe, Fundi."

"Hukuiba kitu cha mtu." Akakohoa. "Na mkono?"

"Umepona."

"Vizuri."

Akaniuliza kama nina lingine la kusema. Nilikuwa nalo. Nilikuwa na mengi kuliko niliyowahi kumwambia mtu yeyote, na alikuwa ananisubiri, nilimsikia anavyopumua. Nikamwambia hapana, ila kesho naingia kazini saa mbili asubuhi.

Yeye hakukata simu. Mimi ndiye niliyekata.